Unga Bado Haujui

Usiku wa Mtakatifu Yohana, Porto nzima hugongana vichwa
kwa nyundo za plastiki, na moshi wa dagaa huingia hadi kitandani.
Mimi, Belmiro, mwoka mikate wa zamu ya usiku,
huomba ruhusa mara moja tu kwa mwaka.
Aliyenigonga alicheka kabla ya kugonga.
Jina lake Valdemar. Hilo nalijua.
Kondomu ilipasuka. Hilo nalo nalijua.
Mengine yote niliyajaza mwenyewe, kwa wino wa hofu.

Siku ya kwanza nilinyamaza. Ya pili nikaoka.
Ya tatu nikasoma dalili hadi alfajiri,
na kila dalili niliyoisoma, nikawa nayo:
koo likawasha, mtoki ukavimba
kwa kuuminyaminya tu.
Ya tano ndiyo nikapanda ngazi za zahanati.

Muuguzi Graciete, miwani yake imefungwa kwa uzi wa kushonea,
hakuniuliza kama anavyoulizwa mwizi.
Aliuliza lini. Saa ngapi.
Akahesabu kwa vidole, akashusha pumzi.
"Ungekuja ndani ya saa sabini na mbili
ningekupa dawa za siku ishirini na nane, za kuziba njia.
Mlango huo umeshafungwa. Tusiupige mateke."

Basi nipime, nikasema. Sasa hivi, nijue moja.
Akapima. Hakuna virusi.
Nilitaka kumbusu mkono; akauondoa.
"Hii ni picha ya mwanzo wa Mei, Belmiro.
Juu ya usiku ule, haijui lolote.
Rudi baada ya siku arobaini na tano."

Sikumwelewa. Niliteremka nimekasirika,
kama mtu aliyelipia mkate akapewa harufu.

Kisha, saa tisa usiku, mikono yangu kwenye beseni,
nikatia chachu, nikakanda, nikatazama.
Unga ulikaa vilevile. Mweupe, kimya, mzito.
Ungemleta hakimu saa ile, angeapa
kwamba humu hamna chachu.
Wala asingekuwa mwongo. Angekuwa amewahi.
Nikacheka peke yangu, unga puani,
na tanuri likanisikia.

Subira huvuta heri, wanasema. Yangu ilivuta nywele.
Nilitenga kikombe changu, nikakificha nyuma ya chumvi.
Mama, Deolinda, akakiona, akanywea hichohicho,
macho yake kwangu, hadi tone la mwisho.
Nikampigia Graciete, sauti ikitetemeka.
"Kikombe hakiambukizi," akasema. "Mnywee kahawa yenu."
Nilipokaribia kukata simu, akaongeza:
"Na hata ikiwa vipo, sikuandalii jeneza.
Ni kidonge kila siku, na maisha marefu ya kulalamika.
Ukivimeza sawasawa, virusi hufifia kwenye damu
hadi unalala na umpendaye, humwambukizi."

Sijui kwa nini hayo ndiyo yaliyoniliza,
si yale mengine.

Agosti, tarehe nane. Joto la kuyeyusha lami.
Kwenye benchi, msichana anayeuma kucha,
mzee wa tai, kofia magotini, amekaa wima kama yuko kanisani.
Hakuna aliyemtazama mwenzake, na wote tulisogeleana
ili wa nne apate pa kukaa.

Graciete akaniita kwa jina la ukoo. Akafunga mlango.
Akanionyesha karatasi kwanza, ndipo akasema,
maana anajua masikio huziba.
Hakuna. Na safari hii picha ni ya Juni.

Nje nilimwandikia Valdemar maneno matatu:
Nimepima. Wewe je?
Alijibu jioni, nikiwa nimeshavaa aproni.
Kesho, saa nne. Naogopa. Utanisindikiza?

Nikaacha simu juu ya gunia.
Unga wa kwanza ulikuwa umeanza kuumuka,
umeinua kitambaa kidogo, upande mmoja tu.